Mandusi ya Haryana: gugu lilelile, mmea mwingine

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wa ngano katika wilaya kama Karnal, Kurukshetra na Kaithal, jimbo la Haryana kaskazini mwa India, walipulizia dawa ya magugu kama walivyozoea, wakasubiri matokeo ya kila mwaka. Safari hii nyasi moja ilikataa kufa. Ilipofika Februari mashamba mengine yalikuwa na nyasi hiyo kuliko ngano, na baadhi ya wenyewe wakaona heri wafyeke vyote vingali vibichi wakawape nyati wa maziwa, kuliko kungoja mavuno ambayo hayapo. Katika mashamba yaliyoathirika vibaya kabisa zilihesabiwa nyasi 2,000 hadi 3,000 kwa mita moja ya mraba. Ukiweka chini fremu ya nusu mita kwa nusu mita, ndani yake una miche zaidi ya 500 ya gugu, na ngano imo humohumo.

Kwa jina la kitaalamu nyasi hiyo ni Phalaris minor. Wenyeji huiita mandusi, wengine gulli danda. Asili yake ni ukanda wa bahari ya Mediterania, na huota msimu wa baridi, msimu uleule wa ngano. Haikuwa ngeni Haryana. Ilikuwa gugu linalojulikana, lenye dawa inayojulikana, na katika kila orodha ya magugu ya ngano ya maeneo ya mpunga ilikaa juu au karibu na juu. Hilo ndilo linalonivutia katika kisa hiki. Orodha zilikuwepo na hazikukosea, lakini mtu angeweza kuzisoma mwaka baada ya mwaka asione kwamba kuna jambo limegeuka, kwa kuwa jina la gugu lilibaki palepale.

Turudi nyuma kidogo. Haryana ilitengwa na Punjab ikawa jimbo mwaka 1966, mwaka uleule India iliponunua tani 18,000 za mbegu ya ngano kutoka Mexico, zile aina fupi zilizotokana na kazi ya Norman Borlaug, mtaalamu wa Marekani wa kuzalisha mbegu bora. Ngano ndefu ya zamani ilianguka ikipewa mbolea nyingi. Hii fupi ilisimama. Ila ngano ndefu ilikuwa na faida moja ambayo watu hawakuiwekea thamani: ilitia kivuli. Ngano fupi ikaacha mwanga upenye hadi chini, ikamwagiliwa, ikapewa nitrojeni kwa wingi, na mandusi ikala kwenye sahani hiyohiyo. Kisha mpunga ukaingia kwa kasi katika miaka ya 1970. Mashamba ambayo zamani yalibadilisha mazao yakawa na mpunga kuanzia Juni hadi Oktoba, ngano kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mpunga tena, bila kupumua.

Mpunga una nafasi kubwa katika hadithi hii kuliko inavyoonekana. Shamba la mpunga huvurugwa tope na kufunikwa maji kwa miezi. Mbegu za oti mwitu, ambalo ndilo gugu nyasi lingine kubwa la ngano ya eneo hilo, haziwezi maisha hayo, nyingi huoza. Mbegu za mandusi huvumilia. Kwa hiyo maji ya mpunga yalimwondoa mpinzani mmoja na kumwachia mwenzake uwanja mzima. Mtu akipita katika jimbo akihesabu magugu, anakuta mpaka huo waziwazi. Upande wa kusini-magharibi, kwenye mchanga na mazao ya pamba na uwele, utakutana na oti mwitu, Chenopodium, na Asphodelus tenuifolius yenye majani membamba kama ya kitunguu. Upande wa kaskazini-mashariki, kwenye udongo mzito na mpunga, ni mandusi, na chini yake Rumex dentatus, gugu la majani mapana, na mimea mingine inayopenda unyevu. Chenopodium album, ambayo kule wanaiita bathua, iko karibu kila mahali, na watu wanaichuma kuwa mboga kama sisi tunavyochuma mchicha shambani. Sijui mkaguzi anaiandikaje mboga kwenye fomu ya magugu, ila naamini mama mwenye shamba ana safu yake.

Sasa, ukaguzi wenyewe wa magugu, ule unaozaa orodha hizo, hufanywaje? Utaratibu uliosambaa zaidi duniani ulipangwa kwenye mashamba ya nafaka ya Kanada, na mtu anayetajwa sana ni Gordon Thomas. Mkaguzi huingia shambani, huacha ukingo kwa sababu ukingo una magugu yake, kisha hutembea kwa njia ya herufi W na kuweka fremu ya robo mita ya mraba mara 20. Kila fremu anahesabu kila spishi. Akimaliza mashamba yote anapata vitu vitatu: gugu limeonekana katika asilimia ngapi ya mashamba, limeonekana katika asilimia ngapi ya fremu, na ni mimea mingapi kwa mita ya mraba. Vitatu hivyo hugeuzwa kuwa uwiano na kujumlishwa, na magugu yakapangwa kuanzia kinara hadi mkia.

Kwa nini vitatu, isitoshe kimoja? Tuseme una mashamba kumi na wastani wa mimea 60 kwa mita ya mraba. Inaweza kuwa kila shamba lina 60. Inaweza pia kuwa mashamba tisa ni masafi na moja lina 600. Wastani ni uleule, lakini hali ya kwanza ni ya jimbo zima, ya pili ni ya bwana mmoja aliyenunua mbegu chafu. Ukiwa na idadi ya mashamba na idadi ya fremu mkononi, hutadanganyika.

Kuna suala la wakati pia, na hapa naona ripoti nyingi zinapita haraka. Ukihesabu kabla ya dawa, unahesabu kilichoota. Ukihesabu baada ya dawa, unahesabu kilichosalimika. Hesabu hizo mbili hazijibu swali moja. Haryana dawa ilipuliziwa siku 30 hadi 35 baada ya kupanda, baada ya maji ya kwanza, ambayo hutolewa ngano ikiwa na takriban wiki tatu. Maji hayo huamsha mandusi kwa kundi. Mkaguzi aliyepita wiki moja mapema na aliyepita mwezi mmoja baadaye wangeweza kuleta takwimu mbili tofauti kutoka shamba moja, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Halafu kuna shida ya kuitambua. Mandusi changa na ngano changa zinafanana hata mkulima mzoefu akipalilia kwa mkono huacha nusu. Inabidi upige magoti. Tazama pale jani linapoachana na shina: ngano ina vijisikio viwili vyenye vinyweleo vinavyolikumbatia shina, mandusi haina, ila ina utando mweupe uliochomoza. Kisha shuka hadi karibu na mzizi. Shina la mandusi lina wekundu mwepesi pale chini, na ukilivunja hutoka majimaji mekundu. Oti mwitu nayo haina vijisikio, lakini jani lake changa hujipinda kinyume na jani la ngano. Haya yote yanafanyika miche ikiwa na majani matatu, kwenye baridi ya asubuhi, mara 20 kwa kila shamba. Mtu akikuletea ripoti ya mashamba mengi mno yaliyokaguliwa kwa siku moja, muulize kama alipiga magoti.

Dawa iliyokuwa ikitumika ni isoproturoni. Ilianza kupendekezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa kama dawa pekee. Bei yake ilikuwa nafuu, iliua mandusi na baadhi ya magugu ya majani mapana pia, na haikuidhuru ngano. Kipimo kilikuwa hadi kilo 1 ya kiini cha dawa kwa hekta. Mkulima hakuwa na sababu ya kuibadilisha, na duka la pembejeo halikuwa na sababu ya kumshauri aibadilishe.

Iliposhindwa, lawama za kwanza ziliangukia watu. Dawa ni bandia. Wakulima wanapunguza kipimo. Wanatumia nozeli isiyofaa. Wanachanganya dawa na mchanga au urea na kuitupa kwa mkono badala ya kuipulizia. Kusema kweli makosa hayo yote yalikuwepo, na ndiyo maana maelezo hayo yalikuwa matamu: kila aliyekwenda kuangalia alikuta kosa fulani, akarudi ameridhika. Lakini makosa hayo yalikuwepo pia kusini-magharibi mwa jimbo, kwenye pamba, na kule dawa ilikuwa bado inaua.

Hapo ndipo kazi ya R. K. Malik na Samunder Singh wa chuo kikuu cha kilimo cha Haryana, kilichoko Hisar, ilipopata uzito wake. Walitoa taarifa ya usugu, yaani gugu kustahimili dawa iliyokuwa ikiliua, mwaka 1993 na maelezo kamili zaidi mwaka 1995. Walifanya mambo mawili ambayo orodha ya kawaida haifanyi. La kwanza, waliyapanga mashamba kwa historia yake ya mazao, si kwa wilaya tu. Katika mashamba ya mpunga na ngano mfululizo, karibu theluthi mbili yalionyesha usugu. Palipoingizwa miwa, mboga, alizeti, pamba, mbaazi, au klova ya malisho iitwayo berseem, ilikuwa chini ya moja ya tano. Angalia tofauti hiyo, kisha ufikirie fomu ya mkaguzi isiyo na mahali pa kuandika “msimu uliopita shamba hili lilikuwa na nini”. Mashamba yote yangeingia kwenye wastani mmoja na jibu lingezama humo.

Sababu ya tofauti si fumbo. Berseem hukatwa mara kwa mara kwa ajili ya mifugo, na mandusi iliyo ndani yake hukatwa nayo kabla haijatoa mbegu. Miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka na kuvunja mzunguko. Mboga za msimu wa baridi hupaliliwa kwa jembe. Katika hali zote hizo ule mmea mmojammoja uliostahimili dawa haupati nafasi ya kujaza shamba. Kwenye mpunga na ngano unaipata kila mwaka: masuke ya mandusi hukomaa na kupukutika kabla mashine ya kuvuna ngano haijaingia, mbegu nyingi zinabaki palepale, nyingine husafiri na mashine hadi shamba la jirani. Na kwa kuwa mandusi hujichavusha yenyewe, mmea sugu huzaa watoto wanaofanana nao bila kutegemea mwenzake.

Jambo la pili ni kwamba walichukua mbegu. Kuhesabu nyasi zilizobaki hai shambani hakuthibitishi usugu. Nyasi inaweza kubaki kwa sababu pampu iliruka mstari, au iliota baada ya dawa. Ukichukua mbegu zake, ukazipanda kwenye vyungu kando ya mbegu kutoka mahali ambapo dawa hiyo haijazoeleka, ukazipulizia zote kwa mkono mmoja na kwa vipimo vinavyopanda hatua kwa hatua, visingizio vyote vinaisha. Hakuna tena mkulima mzembe wala dawa bandia. Mandusi za mashamba yale zilihitaji kipimo kikubwa mara kadhaa ili zidhurike sawa na wenzake, kipimo ambacho kwa shamba halisi kingegharimu pesa nyingi na kuanza kuihatarisha ngano yenyewe.

Utafiti uliofuata, ukiwemo uliofanyika Chuo Kikuu cha Strathclyde huko Glasgow, ulionyesha kilichokuwa kikitokea ndani ya mmea. Isoproturoni huua kwa kuzuia usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ngano husalimika kwa sababu ina vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafanya kazi yake. Mandusi sugu ilikuwa inafanya vivyo hivyo: ilipopewa kemikali ya kuzuia vimeng'enya hivyo, ikarudi kuwa nyonge mbele ya dawa. Gugu lililokuwa limeiga ngano kwa sura lilikuwa sasa limeiga na tumbo lake. Na hapa kipimo pungufu kinarudi kwa sura nyingine. Hakikuwa sababu ya dawa kushindwa siku ile, lakini kupulizia pungufu mwaka baada ya mwaka huacha hai mimea yenye uwezo mdogo wa kuvunja dawa, na watoto wao wakajumlisha uwezo huo kidogo kidogo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990, eneo lililoathirika kaskazini-magharibi mwa India lilikadiriwa kuwa kati ya hekta 800,000 na milioni 1.

Dawa mpya zilipendekezwa msimu wa 1997/98: klodinafopu, fenoksapropu na sulfosulfuroni. Zilifanya kazi, na mavuno yakarudi. Sambamba nazo likaja jambo ambalo kwangu ndilo la busara zaidi katika kisa chote, yaani kupanda ngano bila kulima. Mashine ya kupandia iliyotengenezwa Pantnagar hupasua mfereji mwembamba kwenye mabaki ya mpunga, ikadondosha mbegu na mbolea, basi. Udongo usipopinduliwa, mbegu nyingi za mandusi zilizozikwa hazipati mwanga wala kuinuliwa juu ziote. Tena mkulima anaweza kupanda mwishoni mwa Oktoba badala ya kusubiri trekta hadi katikati ya Novemba au zaidi. Mandusi hupenda baridi; ikikuta ngano imeshaota wakati wa joto na kujaza nafasi, imechelewa. Wengi waliipenda mbinu hii kwa sababu ya dizeli waliyookoa kuliko kwa sababu ya magugu, na sioni ubaya. Ushauri unaomwekea mkulima fedha mfukoni wiki ileile hauhitaji mikutano mingi.

Lakini ukaguzi uliofuata ulianza kuonyesha safu ya pili ikisogea. Mashamba yasiyolimwa yalipunguza mandusi yakaongeza Rumex dentatus, yenye mbegu nyepesi zinazobaki juu ya udongo na kuota bila kusubiri jembe. Aliyekuwa akiangalia kinara tu hakuliona hilo mapema. Huu ni udhaifu wa kawaida wa namna tunavyosoma orodha za magugu: macho yanakwenda kwenye namba moja, wakati habari iko kwenye ile iliyokuwa ya tisa jana na leo ni ya nne.

Na dawa mpya? Zilitumiwa kama ile ya zamani, moja kwa mfululizo mpaka ichoke. Mwaka 2008 R. S. Chhokar na R. K. Sharma, watafiti wa ngano wa Karnal, waliripoti mandusi zenye usugu kwa dawa za makundi matatu kwa pamoja, kila kundi likiua kwa njia yake: kundi la isoproturoni, kundi la klodinafopu na fenoksapropu, na kundi la sulfosulfuroni. Kwenye orodha ya spishi bado liliandikwa jina lilelile, Phalaris minor. Kwa mkulima aliyesimama dukani hii ilikuwa mimea mitatu au minne tofauti, na hakuwa na njia ya kujua upi uko shambani kwake.

Ndiyo maana fomu ya ukaguzi inayostahili kuitwa fomu, iwe ya Karnal au ya ngano ya Narok, Uasin Gishu na Hanang, ambako spishi ni nyingine lakini maduka ya dawa yana tabia ileile, inahitaji safu chache zaidi ya jina na idadi. Zao la msimu uliopita na la kabla yake. Dawa iliyotumika, kundi lake, kipimo, na mwaka ilipoanza kutumika. Tarehe ya kupanda. Shamba lililimwa au halikulimwa. Mbegu ilinunuliwa au ilitolewa ghalani. Na bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaoozesha, ya kuchukulia mbegu kutoka kwenye ile mimea iliyosalimika. Maswali hayo mkulima huyajibu kwa dakika chache akiwa amesimama kwenye tuta, mradi muulizaji asianze kwa kumtuhumu kuhusu kipimo.

Haryana ya leo inapambana kwa kuchanganya: dawa zinazowekwa ardhini kabla gugu halijaota, kama piroksasulfoni, mashine zinazopanda ngano katikati ya mabua ya mpunga na kuyaacha yafunike udongo, berseem katika mashamba yaliyoelemewa. Kuwashawishi wakulima waache mpunga kwa msimu mmoja kumekuwa kugumu zaidi, kwa kuwa mpunga na ngano ndiyo mazao ambayo serikali hununua kwa bei iliyotangazwa, na hakuna hesabu ya fremu inayoshinda bei hiyo. Ile Rumex nayo haikukaa kimya. Ilikuwa ikidhibitiwa kwa metsulfuroni, dawa ya kundi moja na sulfosulfuroni, na katika miaka ya 2010 mbegu zake kutoka Haryana zilipowekwa kwenye vyungu na kupuliziwa, zilisimama.